Sharti la Lugha na Kuzaliwa kwa Roki ya Anatolia nchini Uturuki

Tarehe 1 Novemba 1934, Mustafa Kemal Atatürk alilihutubia Bunge la Uturuki mjini Ankara na, pamoja na mambo mengine, akasema kwamba muziki uliokuwa ukisikilizishwa wananchi wakati huo haukuwa wa kulipa taifa fahari. Siku chache baadaye, redio za nchi hiyo zilikoma kupiga muziki wa kimapokeo wa mijini, ule ulioitwa alaturka. Marufuku hiyo ilidumu kwa takribani miezi ishirini. Wasikilizaji hawakugeukia simfonia za Ulaya kama ilivyotarajiwa. Walizungusha kitufe cha redio wakaipata Cairo. Hivyo muziki wa Misri, ambao kwa nadharia ya wakuu wa utamaduni wa Uturuki ulikuwa wa ukoo uleule uliopaswa kufa, ukajipatia wapenzi wapya kwa hisani ya amri iliyokusudiwa kuuzika. Jambo hili lisiwe geni kwa wasomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki, kwani waimbaji wa taarabu wa Zanzibar nao walikuwa wanafunzi wa Cairo.

Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka 1965, gazeti la Hürriyet la Istanbul lilianzisha mashindano yaliyoitwa Altın Mikrofon, yaani Kipaza Sauti cha Dhahabu. Masharti yake yalikuwa machache. Wimbo ungeweza kuwa utungo mpya au wimbo wa zamani uliopangwa upya. Ulipaswa kupigwa kwa ala na mbinu za Kimagharibi. Na maneno yake yalipaswa kuwa ya Kituruki. Mashindano hayo yalifanyika mara nne tu, kuanzia 1965 hadi 1968, lakini yalifanikisha kwa haraka jambo ambalo dola lilikuwa limelitafuta kwa miaka arobaini: vijana wa mijini wakaanza kwa hiari yao kuziimba nyimbo za vijijini kwa gitaa la umeme.

Makala haya yanayatazama matukio hayo mawili kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba sharti la lugha lilifaulu pale ambapo marufuku ilishindwa, kwa sababu lugha haisafiri peke yake. Huja na mizani yake, na washairi wake, na manung'uniko ya washairi hao. Dola lililotaka umbo bila manung'uniko lilijikuta limepewa vyote viwili. Aidha, sharti hilohilo lilikuwa na gharama, nayo ililipwa na wazungumzaji wa lugha nyingine.

Dawa ya Gökalp

Nadharia iliyotangulia marufuku ya 1934 ilikuwa ya Ziya Gökalp, mwanasosholojia aliyechapisha kitabu cha misingi ya utaifa wa Kituruki mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Gökalp aliugawa muziki uliosikika nchini katika mafungu matatu: muziki wa Mashariki, ambao aliuona kuwa mgonjwa na wa kigeni, muziki wa Magharibi, ambao ulikuwa wa ustaarabu mpya, na muziki wa watu wa kawaida, ambao ndio aliouita wa taifa. Dawa yake ilikuwa kukusanya nyimbo za vijijini na kuzipanga kwa kanuni za upatanifu wa sauti za Ulaya.

Dawa hiyo ilinywewa kwa bidii. Safari za kukusanya nyimbo zilianza mwaka 1926 chini ya shule ya muziki ya Istanbul. Mwaka 1936 Béla Bartók alialikwa kutoka Hungaria, akazunguka eneo la Adana akiwa na mtunzi Ahmed Adnan Saygun. Mwaka huohuo Konsavatori ya Taifa ilianzishwa mjini Ankara, na kati ya 1937 na 1952 watafiti wake walirekodi nyimbo zipatazo 10,000. Ni hazina ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Tatizo lilikuwa matumizi yake. Kazi za watunzi waliosomeshwa Ulaya zilipendwa na wachache waliozizoea kumbi za maonyesho, nazo hazikufika kijijini zilikotoka. Redio nayo iliunda kwaya ya Yurttan Sesler, Sauti za Nchi, chini ya Muzaffer Sarısözen, ambamo waimbaji wengi na wapiga ala wengi waliimba kwa pamoja nyimbo ambazo kwa asili yake ziliimbwa na mtu mmoja mwenye ala moja mkononi. Nchi ilijifunza nyimbo za mikoa yake, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ladha ya mwimbaji mmoja na lahaja ya kijiji kimoja zililainishwa ili ziimbike na wote. Mtu aliyewahi kufuatilia usanifishaji wa lugha atautambua mwendo huu mara moja. Si sadfa kwamba ulikwenda sambamba na badiliko la hati kutoka ya Kiarabu hadi ya Kilatini mwaka 1928 na kuundwa kwa chama cha lugha ya Kituruki mwaka 1932.

Vijana wa shule tatu

Roki iliingia Uturuki katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kwa filamu na santuri, na kwa kuwapo kwa Wamarekani nchini baada ya Uturuki kujiunga na NATO mwaka 1952. Waliopokea mapema walikuwa watoto wa shule za lugha za kigeni za Istanbul. Erkin Koray alisoma katika shule ya Kijerumani, Barış Manço katika Galatasaray iliyofundisha Kifaransa, na Cem Karaca katika Robert College ya Wamarekani. Watu hawa watatu, ambao baadaye walikuja kuwa nguzo za roki ya Anatolia, wote walianza kwa kuiga nyimbo za Kiingereza. Kijiji kilikuwa mbali nao kuliko London.

Hatua ya kwanza ya kukiingiza Kituruki katika muziki huo haikuwa ya kijijini hata kidogo. Kuanzia 1961, Fecri Ebcioğlu na waliomfuata walianza kuandika maneno ya Kituruki juu ya nyimbo za Ulaya zilizokwisha kupendwa, mtindo ulioitwa aranjman. Ulifanikiwa kibiashara, lakini lugha ilipata shida. Kwa kawaida mkazo wa neno la Kituruki huangukia silabi ya mwisho, tofauti na Kiswahili ambacho huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yaliyotungwa kwa ajili ya Kifaransa au Kiingereza yaliyalazimisha maneno kukazwa mahali pasipo pake. Msikilizaji aliyaelewa maneno, ila sikio lake lilijua kwamba nguo hiyo ilishonewa mtu mwingine.

Mwaka 1964 Tülay German, mwimbaji aliyekulia katika jazi, alirekodi Burçak Tarlası, wimbo wa zamani wa bi harusi anayeteseka kwa kazi ya kuvuna katika shamba la wakweze. Ala zilikuwa za kisasa, mahadhi yalikuwa ya wimbo wenyewe. Safari hii nguo ilimwenea mvaaji, na mafanikio ya wimbo huo yaliandaa uwanja kwa mashindano ya mwaka uliofuata.

Inafaa kusisitiza kuwa Altın Mikrofon hayakudai nyimbo za vijijini. Yalidai Kituruki tu. Lakini bendi za vijana ambazo hazikuwahi kutunga kwa lugha yao zilihitaji maneno mazuri, tena haraka, na hazina iliyokuwa karibu ilikuwa türkü, wimbo wa watu, ambao redio ilikuwa imeutia masikioni mwao tangu utotoni. Hapa kazi ya wakusanyaji wa Ankara ilizaa matunda ambayo wao wenyewe hawakuyapanga. Mwaka 1965, nafasi ya pili na ya tatu zilichukuliwa na bendi za Mavi Işıklar na Silüetler kwa nyimbo za asili. Mwaka 1966 Silüetler walishinda kwa Lorke Lorke, wimbo ambao makala haya yataurudia. Waliofika fainali walizungushwa katika miji ya Anatolia, na wasikilizaji wa huko wakapiga kura. Kwa mara ya kwanza, kijana wa Istanbul mwenye gitaa la umeme alisimama mbele ya watu waliouzaa wimbo anaouimba, nao wakawa waamuzi wake.

Mizani kumi na moja

Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu roki ya Anatolia huzungumzia ala na mavazi. Yapo mengi ya kusemwa huko. Ala kuu ya kijijini, bağlama, ina shingo ndefu yenye vigawanyo vilivyofungwa kwa uzi, vingi kuliko vya gitaa, hivyo inaweza kutoa sauti zilizo kati ya sauti mbili za gitaa. Mpiga gitaa aliyetaka kuufuata wimbo kwa uaminifu alilazimika kuvuta uzi kwa kidole hadi auguse ule uwazi, au kuitia bağlama yenyewe umeme, kama alivyofanya Koray. Mpiga ngoma naye, aliyezoea mapigo manne, alikutana na mapigo tisa yaliyogawanywa mbili-mbili-mbili-tatu.

Hata hivyo, kilichoamua umbo la muziki huu zaidi ya chochote kingine ni mizani ya ushairi. Mshairi-mwimbaji wa Anatolia huitwa aşık, neno la Kiarabu lenye asili moja na ashiki ya Kiswahili. Hutunga kwa kuhesabu silabi, na Waturuki huiita hesabu hiyo vezin, neno la mzizi uleule uliokipa Kiswahili mizani. Mishororo inayopendwa zaidi ni ya mizani nane, kama ya utenzi, au ya mizani kumi na moja, inayokatwa sita na tano, au nne, nne na tatu. Beti huwa za mishororo minne, na mshororo wa mwisho wa kila ubeti hufungwa kwa kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa shairi. Mpenzi wa tarbia za Mombasa hatahitaji maelezo zaidi.

Mizani kumi na moja haigawanyiki sawasawa katika mapigo manne. Mwimbaji wa kijijini huimaliza tofauti hiyo kwa kuvuta silabi ya mwisho au kwa kupachika viitikio visivyohesabiwa. Bendi ya roki ilikuwa na njia mbili: kuukata mshororo ili uingie katika mapigo, au kuyapanua mapigo ili yaupokee mshororo. Zilizodumu zilichagua ya pili. Ndiyo maana roki ya Anatolia, hata inapopigwa na gitaa, besi, kinanda na ngoma bila ala yoyote ya kienyeji, bado husikika kuwa ya Anatolia. Alama hiyo imo ndani ya lugha, si juu ya jukwaa.

Kuna kanuni nyingine ya ushairi huo iliyokuwa na matokeo makubwa zaidi. Katika ubeti wa mwisho, aşık hulitaja jina lake la kishairi, liitwalo mahlas, kama washairi wa Kiswahili wanavyojitaja katika tamati. Mwaka 1967 Cem Karaca, aliyekuwa ametoka kutumikia jeshi huko Antakya, ambako alikutana na ushairi huu kwa karibu, alichukua nafasi ya pili katika mashindano akiwa na bendi ya Apaşlar. Wimbo wake ulitokana na shairi la Emrah wa Erzurum, mshairi wa karne ya 19, na uliitwa kwa jina lake. Mshairi aliyekufa zaidi ya karne moja nyuma alijitambulisha kwa kinywa cha kijana mwenye nywele ndefu. Mtu hawezi kuimba mashairi haya bila kumleta mwenye nayo jukwaani.

Washairi na manung'uniko yao

Nao wenye mashairi hawakuwa watu watulivu. Pir Sultan Abdal wa karne ya 16 aliuawa kwa amri ya liwali wa Sivas. Dadaloğlu wa karne ya 19 aliimba kwa ajili ya wafugaji wa kabila la Avşar ambao serikali ya Waosmani iliwalazimisha, katika operesheni ya kijeshi ya mwaka 1865, kuiacha milima yao na kukaa mahali pamoja. Karaca alipomtoa Dadaloğlu kwa mtindo wa roki mwaka 1970, hakuhitaji kuongeza hata neno moja la siasa. Wanafunzi na wafanyakazi wa mwaka huo walijua ni dola gani na ni milima ipi.

Bendi ya Moğollar, iliyoundwa mwaka 1967, ilizunguka Anatolia kutafuta nyimbo na ala. Mpiga gitaa wake, Cahit Berkay, alijifunza kupiga ala kadhaa za kijijini. Mwaka 1971 kazi yao ilitunukiwa nishani ya Académie Charles Cros nchini Ufaransa. Fikret Kızılok alikwenda Sivas kwa Aşık Veysel, mshairi kipofu aliyezaliwa 1894 na kufa 1973, akaketi kama mwanafunzi kabla ya kuziimba nyimbo zake. Selda Bağcan aliimba maneno ya Aşık Mahzuni Şerif, mshairi aliyekuwa hai na aliyetaja njaa, uchumi na hospitali zisizofika kijijini. Katika mkono wa Mahzuni, mizani ya kale iliendelea kufanya kazi yake ya siku zote, ya kumwambia mkubwa asichotaka kusikia.

Dola halikuwa limeacha kusimamia masikio ya watu. Shirika la utangazaji la TRT, lililoanzishwa 1964, lilikuwa na kamati ya kuzipima nyimbo kabla hazijapigwa, na nyingi hazikupita. Kwa upande mwingine, ule ushawishi wa Cairo uliojipenyeza wakati wa marufuku ulikuwa umekomaa na kuwa arabesk, muziki wa wahamiaji wa mijini, ambao TRT pia iliukataa na madereva wa mabasi madogo wakaupiga kutwa kucha. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa sera inayolea kile inachokikataza.

Kisha yakaja mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 12 Septemba 1980. Karaca alikuwa Ujerumani. Aliamriwa arudi, hakurudi, na mwezi Januari 1983 akavuliwa uraia. Akiwa uhamishoni aliimba hata kwa Kijerumani, mwaka 1984, juu ya dhihaka walizopata wahamiaji wa Kituruki huko. Alirejea nyumbani 1987. Selda Bağcan alifungwa mara tatu kati ya 1981 na 1984, na pasipoti yake ikazuiwa hadi 1987. Barış Manço, aliyechagua methali, hekaya na mafumbo badala ya manung'uniko ya waziwazi, aliendelea vizuri. Mwaka 1988 alianza kipindi maarufu cha familia katika televisheni ya TRT, na mwaka 1991 akapewa cheo cha Msanii wa Taifa. Isidhaniwe kwamba Manço alikuwa kibaraka, kwani mapokeo ya aşık yana nafasi kwa mwonyaji na kwa mwasi pia. Lakini tofauti ya hatima zao inaonyesha ni nusu ipi ya urithi ambayo dola lilikuwa tayari kuipokea.

Lugha zilizobaki nje

Wimbo ulioshinda mwaka 1966, Lorke Lorke, unatokana na ngoma ya mduara ya kusini-mashariki, inayochezwa na Wakurdi na majirani zao, na ina maneno ya Kikurdi. Katika mashindano uliimbwa kwa Kituruki, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine. Silüetler hawakubuni mwendo huo. Wakusanyaji wa nyimbo kabla yao walikuwa wamezipokea nyimbo za Kikurdi na za lugha nyingine za nchi na kuzihifadhi kwa maneno ya Kituruki, mahadhi yakabaki na asili ikafutika katika orodha. Uhai wa wimbo uliongezeka, wasikilizaji wakawa mamilioni, na lugha iliyouzaa ikapotea njiani. Mwaka 1983 serikali ya kijeshi ilipitisha sheria namba 2932, ambayo iliharamisha kueneza mawazo kwa Kikurdi kwa maandishi au kwa sauti. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Sharti la mashindano na sheria ya kijeshi ni vitu viwili tofauti kwa ukali, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuvifanya kimoja. Lakini sharti lilifanya kwa upole, kwa zawadi na makofi, sehemu ya kile ambacho sheria ilikuja kukifanya kwa jela.

Washauri wa sera wa ukanda huu wana sababu ya kuitazama sehemu hii kwa makini kuliko sehemu ya marufuku. Ubatili wa marufuku unajulikana. Muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwezi Novemba 1969, na hakuna anayedai leo kuwa amri hiyo ndiyo iliyoujenga muziki wa Tanzania. Swali gumu ni la zawadi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza 1978, ilichukua jina la mtindo wake, Sikinde, kutoka ngoma ya Wazaramo, ikaimba kwa Kiswahili na kupendwa hadi nje ya mipaka. Kiswahili hakijawahi kuwa na sheria kama ile namba 2932, wala historia yake si ya Kituruki. Hata hivyo, tamasha, tuzo au mgawo wa redio unaodai Kiswahili peke yake utafanya kazi kwa njia ileile iliyofanya kazi Uturuki. Utawasukuma wasanii kwenye nyimbo za wazee wao, na utawataka waziache lugha za wazee hao mlangoni. Tuzo inayokubali wimbo uimbwe kwa Kizaramo, Kigiriama au Kishi, maelezo na tafsiri yake yakiwa kwa Kiswahili, inagharimu kidogo tu zaidi.

Uturuki yenyewe ilianza kulirekebisha jambo hili kutokea chini. Mwaka 1993 kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boğaziçi kilifanya onyesho lililoitwa Kardeş Türküler, Nyimbo za Ndugu, likiwa na nyimbo za lugha kadhaa za nchi, Kikurdi kikiwamo, kila moja kwa lugha yake. Kikundi hicho kinaendelea hadi leo kwa jina hilohilo. Shirika la TRT lilifungua chaneli ya televisheni kwa Kikurdi tarehe 1 Januari 2009.